Kuandikwa na Kuomba: Kutafuta Kazi Wakati wa Kiangazi

Katika taarifa za watawala wa zamani, Wadachi na Waingereza kadhalika, limerudiwa lalamiko moja tangu mwisho wa karne ya 19 hadi karibu na miaka ya uhuru: kwamba mtu wa Afrika ya Mashariki hadumu kazini. Huja akafanya kazi miezi mitatu au minne, mwajiri akaanza kumtegemea, kisha siku moja haonekani. Ameondoka, na wenziwe wakiulizwa sababu husema mvua imekaribia. Wengi wa walioandika taarifa hizo waliona hapo uvivu, au uchache wa mahitaji. Wachache waliona kalenda. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hao wachache ndio waliokuwa na haki, na kwamba ushahidi ulio wazi kuliko wote hauko katika hesabu za Serikali, bali umo katika maneno yenyewe waliyoyatumia Waswahili na jirani zao wa bara, na ambayo mengi yao yatumika hata leo, kwa kutaja kazi, ujira, na njia ya kuupata.

Neno kiangazi lataka kuangaliwa kwanza, maana linaweza kumpoteza msomaji. Katika vitabu vya shule hutumiwa kufasiria majira ya joto ya Ulaya, yaani Juni mpaka Agosti. Mtu wa Mombasa au wa Unguja hawezi kukubali hayo bila kucheka, kwani miezi hiyo kwake ni kipupwe; kusi yavuma, na usiku watu hujifunika. Kiangazi cha pwani ni kile cha kaskazi, jua kali la Januari na Februari kabla ya masika. Ama katika nchi ya Unyamwezi mambo ni mengine. Huko majira ya mvua ni mamoja tu. Huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kukoma Aprili au Mei, na miezi yote iliyobaki ni kiangazi. Tofauti hii si ya hali ya hewa peke yake. Mkulima wa pwani, mwenye masika na vuli, ana mapengo mawili madogo katika mwaka wake. Mkulima wa Unyamwezi ana pengo moja karibu la nusu mwaka, na katika pengo hilo mtu aweza kwenda mbali sana na kurudi.

Naye alikwenda. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni mwendo wa kilomita zipatazo 800, ambao msafara wenye mizigo uliuchukua miezi miwili au mitatu. Wanaume waliondoka baada ya mavuno, wakateremka pwani na pembe za ndovu, wakapandisha nguo, shanga na nyaya za shaba, na aliyeweza alijitahidi kufika kwao kabla ya jembe kuhitajika. Mzigo wa mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, na frasila ni ratli 35. Haikuwa kazi ya mnyonge. Kwa Wanyamwezi ilikuwa hata kipimo cha ujana: kijana ambaye hajaiona bahari hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Lakini pamoja na sifa yake yote kazi hiyo ilikuwa na mpaka, na mpaka wake ulikuwa mvua.

Jambo ambalo halikutiliwa maanani ya kutosha ni nani, katika biashara hiyo, alimtafuta mwenziwe. Wafanya biashara wa pwani walishindana kuwapata wapagazi. Misafara iliyoshuka ililakiwa kabla haijafika mwisho wa safari yake, na wajumbe wa tajiri huyu na tajiri yule, kila mmoja akitaka watu hao wakirudi bara warudi na mizigo ya bwana wake. Richard Burton alipofika Mrima mwaka 1857 hakupata wapagazi wa kutosha, ikambidi anunue punda wa kuchukua sehemu ya mali yake. Na punda wale, kama alivyokuja kueleza mwenyewe, walimletea taabu zisizokwisha. Aliyekuja na fedha alingoja. Aliyekuja na mabega alichagua. Hapana haja ya kuipamba hali hiyo. Njaa, ndui na kuhara viliua watu wengi njiani, na mpagazi aliyeugua aliweza kuachwa. Hata hivyo, aliyekuwa akitafuta kazi hakuwa mwombaji.

Hapa ndipo kitenzi andika kinapoleta ushahidi wake. Maana yake ya asili si kutia maneno katika karatasi, bali ni kupanga, kuweka vitu kwa taratibu. Ndiyo maana mpaka leo mtu huandika meza, na mpishi huandika chakula. Kutokana na kupanga ilikuja maana ya kupanga herufi, na kutokana na hiyo ikaja ya kumtia mtu katika orodha, yaani kumwajiri. Tajiri aliandika wapagazi, nahodha akaandika mabaharia, na baadaye Serikali ikaandika askari. Tazama jinsi sentensi hiyo ilivyojengwa: mwenye kutenda ni mwajiri, na mwenye kuingia kazini ndiye mtendwa, aliyeandikwa. Kwa sarufi peke yake ingeweza kudhaniwa kuwa mfanya kazi ndiye mnyonge. Lakini katika uhai wa lugha haikuwa hivyo, maana kuandikwa kulikuwa ahadi iliyowafunga wote wawili. Mpagazi alipokwisha andikwa alipewa sehemu ya ujira wake kabla ya safari, na tangu siku hiyo alikuwa na haki ya posho. Neno hili, ambalo kwa wasikilizaji wa leo ni fedha za mikutano na safari za maofisa, lilikuwa chakula cha siku cha mtu wa msafara, au nguo na shanga za kukinunulia. Na msafara ambao posho yake ilikoma ulivunjika.

Maneno mengine ya msafara yamepata safari kama hiyo. Mnyapara, aliyekuwa mkubwa wa kundi la wapagazi, alihamia katika mashamba ya katani akawa msimamizi, akaingia katika ujenzi wa nyumba, na akaingia hata jela, ambako nyapara ni mfungwa aliyewekwa juu ya wenziwe. Hongo ilikuwa ushuru wa wazi, aliolipwa mtemi au jumbe ili msafara upite katika nchi yake. Ilijadiliwa mbele ya watu, na haikuwa na aibu. Leo ni rushwa, na hutolewa gizani. Yule atafutaye kazi mjini aweza kuombwa hongo na mtu asiye na nchi wala njia ya kupitisha msafara.

Katika habari za ujira zilikuwapo hesabu mbili, nazo hazikupatana. Wanyamwezi waliotoka kwao walilipwa aghalabu kwa safari, kwa nguo, kutoka mahali fulani hadi mahali fulani. Waungwana, watumwa na watu huru wa Unguja na miji ya pwani walilipwa kwa mwezi, karibu na reale 5, na mtumwa aliyekwenda safari alimpa bwana wake nusu. Ujira huu wa mwezi ndio ulioitwa mshahara, neno la Kiarabu litokanalo na shahr, yaani mwezi. Kila asemaye mshahara, hata akilipwa kwa wiki, ataja mwezi bila ya kujua. Lakini anayelipwa kwa safari hupima kazi yake kwa mwisho wake, na mwisho ukifika yu huru; anayelipwa kwa mwezi huanza mwezi mwingine. Ugomvi kati ya mkulima na mwajiri katika miaka 80 iliyofuata ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi kati ya hesabu hizi mbili.

Kulikuwa na hesabu ya tatu, nayo ni ya siku. Kibarua ni barua ndogo. Mtu aliyeajiriwa kwa siku alipewa kipande cha karatasi, na alipokirudisha alipata fedha yake. Karatasi ikampa jina lake aliyeichukua, na kazi yenyewe pia. Wengi wa vibarua wa kwanza katika miji ya pwani walikuwa watumwa waliopangishwa na mabwana zao, au waliojitafutia kazi wenyewe na kupeleka sehemu ya mapato nyumbani. Basi yashangaza kwamba neno hili, lililozaliwa katika utumwa, lilikuja kuwa kimbilio la watu huru. Baada ya utumwa kukomeshwa kisheria katika Unguja na Pemba mwaka 1897, wengi wa walioachwa huru walikataa kazi ya mwezi kwa bwana yeyote, wakapendelea ya siku. Katika bandari ya Mombasa, Mmijikenda aliyekuwa na shamba lake nje ya mji aliweza kuja, akachukua kazi siku kumi, akapata fedha ya kodi au ya mahari, akarudi kupalilia. Siku aliyoona kwamba msimamizi ni mkali alikwenda kwa kampuni nyingine. Wakubwa wa bandari waliliona jambo hili kuwa fujo. Kwa aliyeishi nalo lilikuwa mpango.

Mashamba ya karafuu nayo yalikuwa na soko la kazi la majira. Mikarafuu huzaa kwa vipindi, mavuno ya mwaka na mavuno ya vuli, na kikonyo kisipochumwa kabla ya ua kufunguka thamani yake imepotea. Kwa hiyo mwenye shamba hana nafasi ya kungoja. Wahadimu na Watumbatu walitoka vijijini mwao kwenda kuchuma, na wengi walivuka kwenda Pemba, wakilipwa kwa pishi ya karafuu waliyochuma. Ilipokuwa mavuno makubwa, mchumaji alitembea kutoka shamba hadi shamba akiuliza bei ya pishi kabla ya kupanda mti, na mwenye shamba aliyetaja bei ndogo aliyaona maua yake yakifunguka juu ya miti. Kazi ya palizi, isiyokuwa na haraka kama hiyo, mara nyingi iliachiwa watu wa bara, hasa Wanyamwezi, ambao majira yao ya kwao hayakuwaita upesi kwa sababu bahari ilikuwa kati. Hivyo kila kazi ilikuwa na watu wake kwa kadiri ya umbali wao na mashamba yao wenyewe. Mpango huo haukuandikwa na mtu. Ulifanywa na mvua.

Utawala wa Kizungu uliikuta hali hii, ukaihitaji, na papo hapo ukaona kwamba haiwezi kuutosha. Reli hujengwa mwaka mzima. Katani hukatwa mwaka mzima. Mmea huu, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, hauna mavuno ya majira: majani hukatwa mfululizo, na mtambo usipopata majani husimama kwa hasara. Ni mmea usiojua kiangazi. Kwa hiyo mwajiri wa katani alitaka mtu asiyejua kiangazi pia.

Njia ya kwanza ilikuwa kodi. Wadachi walitoza kodi ya nyumba kuanzia 1898, na Waingereza wa upande wa Kenya wakafuata katika 1901. Kodi ilimtoa mtu nyumbani, lakini haikumweka kazini, maana aliyekwisha pata fedha ya kodi hakuwa na sababu ya kukaa. Njia ya pili ilikuwa kadi. Katika Usambara, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume alitakiwa kuwa na kadi ya kuthibitisha kwamba amemfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Ona hesabu hiyo: siku 30 ni mwezi wa mshahara, na miezi minne ni theluthi ya mwaka, bila ya kuuliza kama theluthi hiyo ni ya kiangazi au ya kupanda. Kadi ya siku 30 ilidumu katika nchi zetu, kwa sura mbalimbali, muda mrefu baada ya Wadachi kuondoka. Siku ambayo mtu hakufika haikuhesabiwa, kwa hiyo mwezi wa kadi uliweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni, na mshahara ulingoja mpaka kadi ijae. Neno mshahara hapo lilikuwa limekwisha kuachana na maana yake.

Vita yenyewe, 1914 hadi 1918, iliharibu jina la upagazi. Watu walishikwa vijijini kwa nguvu kuchukua mizigo ya majeshi, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo na si kwa risasi. Jina la jeshi lile la wachukuzi wa Waingereza limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Kazi ambayo babu waliikimbilia wajukuu waliikimbia. Hapo kabla reli ilikwisha fika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na msafara wa zamani ulikuwa umekufa kwa upande wa biashara. Vita iliuua kwa upande wa heshima.

Kenya ndiko mambo yalikofika mwisho wake. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, kuanzia mwisho wa 1919. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa kufanya kazi alilazimika kuchukua cheti chenye alama za vidole vyake, ndani ya kibati alichovaa shingoni. Watu walikiita kipande, nao hawakukosea, maana mtu mzima alikuwa amefanywa kipande. Ndani yake mwajiri aliandika siku mtu aliyoanza kazi, mshahara aliompa, na siku aliyomwachia. Nguvu ya kipande ilikuwa katika hilo la mwisho. Asiyetiwa sahihi ya kuachiwa hakuweza kuajiriwa kwingine bila ya kuvunja sheria, na aliyeondoka bila sahihi alikuwa mtoro, akatafutwa kwa alama za vidole. Tena, kwa kuwa mshahara wa zamani ulikuwa umeandikwa, mwajiri mpya alikwisha jua kiasi gani kitamtosha mtu huyu. Hapakuwa tena na kuuliza bei ya pishi kabla ya kupanda mti.

Kwa hiyo kitenzi andika kiligeuka ndani ya miaka 50. Kuandikwa kwa mpagazi wa Bagamoyo kulifungua safari. Kuandikwa kwa mwenye kipande kulifunga mlango wa kutokea. Wale wasemao kwamba kipande kilikuwa kitambulisho tu, kama vitambulisho vya nchi zote, wamesahau jambo hili: kitambulisho humwambia mwingine mtu ni nani, lakini hakimpi bwana wa zamani haki ya kuamua kama ataanza kazi mpya. Harry Thuku na wenziwe walipoinuka Nairobi katika 1921 na 1922 kulalamikia kupunguzwa kwa mishahara, kodi na kipande, madai yao yalikuwa ya siasa, lakini yalikuwa pia ya kalenda. Thuku alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu waliokusanyika kumdai walipigwa risasi. Kibati hakikuondolewa shingoni mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili.

Katika Tanganyika mashamba ya katani yalichukua njia nyingine ya kupambana na mvua: kuwatafuta watu wa mbali. Mtu wa jirani, Msambaa au Mzigua, alikaribia mno shamba lake, akachagua siku zake. Mtu wa Kigoma au wa Songea, akiisha kufikishwa Tanga kwa magari na reli, hakuweza kurudi wingu likionekana. Ofisi ya wenye mashamba ya katani, iliyoanzishwa mwaka 1944 na kujulikana kwa jina la Silabu, ilipeleka waandikishaji katika nchi hizo, ikafungisha watu mikataba na kuwasafirisha. Kila aliyechukuliwa alipewa namba, na watu wakawa manamba. Mwenye elimu ya lugha hawezi kulipita neno hili haraka. Namba katika ngeli yake ya kawaida haibadiliki katika wingi; hapa imevikwa kiambishi ma-, ambacho Kiswahili hukitumia kwa vitu vya wingi usiohesabika mmoja mmoja, na mara nyingi kwa ukubwa au dharau. Hakuna kamati iliyolibuni neno hilo. Waliolitamka kwanza walikuwa wamefahamu barabara kilichotendeka: kwamba anayeandikwa kwa jina ni mtu wa msafara, na anayeandikwa kwa tarakimu ni wa shamba. Hata hivyo haifai kusema kwamba manamba walichukuliwa kama mizigo tu. Wako waliokwenda kwa kukimbia ugomvi wa nyumbani, wako waliotaka baiskeli, na wako waliokwisha mkataba wakahamia kazi nyingine Tanga au Korogwe bila ya kurudi kwao tena.

Miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ilileta badiliko ambalo lilisifiwa na watu wa pande zote, na kwa sababu njema. Migomo ya bandari, ule wa Mombasa wa Januari 1947 na wa Dar es Salaam katika mwaka huohuo, ilikuwa imewaonyesha watawala kwamba umati wa vibarua wasiojulikana ni hatari kuliko wafanya kazi wachache wanaojulikana. Kuanzia 1954 makuli wa Mombasa waliandikishwa, wakawa kundi lililofungwa, lenye ujira ulio bora na wajibu wa kufika kazini mara kwa mara. Huku Tanganyika kima cha chini cha mshahara kilipandishwa sana kwa sheria ya 1962, na mwaka 1964 ikapitishwa sheria ya kumlinda mfanya kazi asifukuzwe ovyo. Faida ilikuwa kubwa. Mtu aliweza kuoa, kulea watoto mjini na kuwapeleka shule kwa mshahara wa mwezi. Neno la Kiarabu lilikuwa limerudi katika maana yake. Lakini mwajiri alipoanza kulipa zaidi aliajiri wachache, na mashamba ya katani yalipunguza watu wao upesi. Aliyekuwa ndani alikuwa salama kuliko babu yake; aliyekuwa nje hakuwa na mlango wa kiangazi wa kuingilia. Wanahistoria waliosifu jambo la kwanza hawakulizungumza sana la pili.

Wakati huo huo kitenzi kingine kilipanda cheo. Omba katika kamusi za zamani, ya Steere, ya Krapf na ya Madan, ni kusihi, kuomba Mungu, kuomba sadaka. Mpagazi hakuomba kazi, wala mchuma karafuu. Kazi ilitafutwa, ilichukuliwa, au mtu aliingia kazini. Kuomba kazi ni maneno ya ofisi. Yalitoka katika utaratibu wa karani na shule, ambako mwenye kutaka nafasi aliandika barua kwa mkubwa, na barua hiyo ikaitwa maombi. Naye akaitwa mwombaji, jina lilelile la akaaye msikitini mlangoni siku ya Ijumaa. Siku hizi lugha imejaribu kuwatenganisha kwa kumwita huyu wa pili ombaomba, lakini katika matangazo ya kazi yule wa kwanza bado hakupewa jina jingine: mwombaji awe raia, mwombaji awe na cheti, mwombaji asizidi umri fulani.

Barua yenyewe yastahili utafiti wake peke yake. Katika siku za Waingereza ilimalizika kwa mtumishi wako mtiifu, maneno yaliyofasiriwa moja kwa moja kutoka desturi ya ofisi zao, ambako hayakuwa na uzito wowote. Katika Kiswahili yalikuwa na uzito. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Bwana aligeuka Ndugu, na mwombaji akamalizia kwa wako katika ujenzi wa taifa, jambo ambalo kwa muda mfupi liliwaweka mwombaji na mwombwa katika mstari mmoja. Mwanzo wa barua haukubadilika: tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ni sentensi ngumu, ya kimakarani, na vijana huikariri kama dua. Lakini ajabu kubwa ni kwamba kuandika kumehama. Hapo kale mwajiri alimwandika mfanya kazi. Sasa mfanya kazi ndiye huandika, hujieleza, hujisifu, hutaja wadhamini watatu, kisha hungoja.

Tena hungoja wakati wa kiangazi, kwa sababu mbili ambazo hazina uhusiano na jembe. Mwaka wa fedha wa Serikali za Tanzania, Kenya na Uganda huanza tarehe 1 Julai, na nafasi zisizokuwa na fungu katika bajeti haziwezi kutangazwa. Na vyuo vikuu vya Tanzania kwa kawaida humaliza mitihani ya mwisho wa mwaka mnamo Julai, vikawatoa wahitimu wao wote kwa mkupuo. Pengo la Unyamwezi limerudi kwa njia ya ofisi. Tofauti ni kwamba mpagazi alikuwa na tarehe ya kurudi, naye mhitimu hana. Mvua za Novemba zaweza kumkuta bado anangoja, na hana shamba la kumwita nyumbani, au analo na hakufundishwa kulitaka. Maombi ya utumishi wa umma wa Tanzania hupelekwa kwa mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, ambako kila mmoja hujisajili mwenyewe. Nahau ya magazeti isemayo kwamba kibarua cha mtu kimeota nyasi humhusu aliyefukuzwa. Kwa yule ambaye hakuajiriwa kamwe lugha haijatunga nahau inayolingana nayo kwa ukali wake.

Kitenzi cha zamani hakikufa, lakini kimeshuka. Asubuhi, kabla ya saa moja, katika majengo yanayojengwa Dar es Salaam na Mombasa, watu husimama langoni, na nyapara hutoka na daftari. Huangalia nyuso, huuliza nani fundi na nani msaidizi, kisha huandika majina kwa kadiri ya saruji iliyopo. Walioandikwa huingia. Wengine hukaa kidogo pale nje, maana mara nyingine gari la mchanga huchelewa kufika na nyapara hutoka tena na kuongeza majina mawili au matatu.